Mkono wa Mwingine

Saa moja kasorobo, kila asubuhi,
mkono wako unaingia kwenye skrini yangu.
Si mkono wenyewe, Bi Kinuyo. Ni tarakimu zake:
mia hamsini na nane, tisini na nne,
na mchoro wa mapigo, wenye mikunjo
kama shuka iliyolaliwa na mtu mwenye mawazo.

Mimi niko Akita mjini, ghorofa ya nne.
Wewe uko huko juu, bonde linakoishia na basi linakogeuzia.
Miezi kumi na minne, sijakuona uso.
Kamera ya tableti umeibandika plasta ya kidole,
ukasema, "Daktari apime damu, asiipime nyumba yangu."
Mimi si daktari. Ulinipandisha cheo, nikanyamaza.

Theluji ya kwenu naijua kwa sauti:
inavyoporomoka kutoka paani, puu, katikati ya neno lako,
nawe unangoja itulie ndipo ulimalizie.
Najua darini figili zimening'inia kwenye moshi tangu Novemba.
Najua pipa la achari limekandamizwa na jiwe
alilolichagua mumeo mtoni, mwaka mliooana.
Jiwe lipo. Yeye alianguka na beleshi mkononi,
Februari, njia ya kutokea barabarani ikiwa imefika nusu.
Nusu iliyobaki ukaichimba wewe,
ili gari la wagonjwa lipite.
Ulinisimulia hayo kama mtu anayetaja bei ya mafuta ya taa.

Nami nilikuwa nimekuuliza habari ya chumvi.

"Gramu sita kwa siku," nilisoma kwenye karatasi yetu.
Ukacheka. "Binti, gramu sita ni salamu tu.
Bila chumvi, wazee wetu wangekula nini miezi mitano? Barafu?"
Karatasi haikuwa na jibu.
Tukapatana: supu ya miso bakuli moja, si matatu;
figili vipande viwili, vyembamba hata gazeti lisomeke ng'ambo yake;
kidonge cheupe baada ya utabiri wa hali ya hewa.

Kisha, Januari, ukapona.
Mia kumi na nane, sabini na mbili. Siku nne mfululizo.
Meza ya pili wakanipigia makofi.
Mimi nikatazama mchoro.
Moyo wako hujikwaa, kila pigo la tisa hivi,
kama mtu anayejua ni kidato gani cha ngazi kimeoza
na bado anakikanyaga.
Huu haukujikwaa. Huu ulikuwa unapanda ngazi mbilimbili.

Nikapiga simu. "Bi Kinuyo, mkono huu ni wa nani?"

Puu, theluji.

"Wa Shunpei. Yule kijana wa mafuta ya taa.
Nilimpa soksi."

"Kwa nini?"

Kimya kingine, na hiki hakikuwa cha theluji.
"Kile kidonge kinanivimbisha miguu, viatu haviingii.
Na namba zikipanda mnampigia mwanangu Saitama,
naye ataniambia nihamie kwake, ghorofani.
Jiwe nitaliweka wapi?"

Nilikuwa na maneno tayari, ya kwenye karatasi.
Nikayaacha.
Nikasema: kidonge kinabadilishwa leo,
daktari wa kweli amekaa hapa nyuma yangu, anakula mkate.
Nikasema: mwanao tutamwita kwenye mia themanini.
Chini ya hapo ni mimi na wewe.
Nikasema: Shunpei ana mikono mizuri. Mpe beleshi.

Hukusema ndiyo. Ulisema maji yanachemka.

Kesho yake, saa moja kasorobo:
mia sitini na moja, tisini na tatu,
na lile pigo la tisa, limejikwaa mahali pake.
Namba mbaya.
Nikaipokea kama mtu aliyerudishiwa mwavuli wake mbovu,
nikanywa chai. Ilikuwa bado ya moto.